Mkoba wa Redio kwa Dereva Asiye na Lori Lake

Kila jioni ninapoingia yadi, kabla sijajua nitapangiwa lori gani, mkoba wa redio uko tayari begani mwangu. Una uzito wa kilo 4 hivi, na ndani yake mna redio ndogo ya CB, yaani redio ya kuongea na madereva wengine barabarani, antena yenye kitako cha sumaku, kibanio cha kufungia antena kwenye mkono wa kioo cha pembeni, kebo mbili, kipimo cha SWR (cha kuonyesha kama antena inafanya kazi sawasawa), kitambaa laini na daftari. Mimi ni dereva wa usiku katika kampuni ya usafirishaji hapa Columbus, jimbo la Ohio. Kazi yangu ni kuvuta matela hadi Carlisle, Pennsylvania, mwendo wa zaidi ya kilomita 500, kulala huko mchana, kisha kurudi usiku unaofuata na mzigo mwingine. Lori ninalokwenda nalo silo ninalorudi nalo, kwa kuwa katika kampuni ya namna hii lori halilali: dereva mmoja akishuka, mwingine anapanda kabla kiti hakijapoa.

Dereva mwenye lori lake hufunga redio mara moja tu. Hutoboa pale panapofaa, hupitisha nyaya nyuma ya dashibodi, hurekebisha antena siku moja, na kazi hiyo huweza kudumu miaka bila kuguswa tena. Sisi tunaobadilishana malori haturuhusiwi kutoboa tundu wala kukata waya, na hata tungeruhusiwa isingetusaidia, kwa sababu kesho gari hilo litakuwa mikononi mwa mtu mwingine umbali wa majimbo mawili. Nimetumia miaka minne kuujaribu mkoba huu, kuupunguza na kuuongeza, na kitu kimoja nimekithibitisha tena na tena: kwa dereva wa hali yangu, redio yenyewe ndiyo jambo la mwisho la kuhangaikia. La kwanza ni antena, na hasa bati lililo chini ya antena, yaani bodi la lori lenyewe. Wenzangu wengi huanza kwa kuuliza redio ipi ni nzuri, hutoa pesa nyingi, kisha wiki ya pili huniambia kwamba CB imekufa na hakuna anayeongea siku hizi. Watu wanaongea. Tatizo ni kwamba wao hawawasikii.

Najua swali litakalofuata, kwa kuwa huulizwa kila tunapokutana madereva wa Afrika Mashariki katika mapumziko ya barabarani: simu ina ramani, na ramani inaonyesha msongamano, redio ya nini tena? Nitajibu kwa usiku mmoja wa Januari. Nilikuwa nimeipita Somerset kwenye barabara kuu ya kulipia ya Pennsylvania, napanda kuelekea handaki la Allegheny Mountain, yapata saa nane za usiku. Theluji ya ghafla ilikuwa imeshuka, ile ya upepo ambayo kwa dakika kumi hukufunga macho kisha ikaondoka kana kwamba haikuwahi kuwepo. Kwenye chaneli ya 19 ya redio, ile ya madereva, nikasikia sauti ya dereva aliyekuwa akitoka upande wa pili: wanaokwenda mashariki, tela limelala kabla ya handaki, limeziba njia zote mbili, anzeni kupunguza sasa hivi. Nikawasha taa za tahadhari, nikashusha gia hadi mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Taa nyekundu za gari la mwisho nilikuja kuziona zikiwa mbele yangu mita 80 hivi. Ramani kwenye simu ilikuwa bado inaonyesha barabara nyeupe, kwa sababu ramani hutambua msongamano baada ya magari kusimama na kujaa, na mimi nilikuwa miongoni mwa magari ya mwanzo.

Baba yangu mdogo aliendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, nami nilikuwa utingo wake kwa likizo mbili. Hatukuwa na redio ya aina hii. Habari za barabara zilipita kwa taa: ukimulikwa mara mbili na gari linalokuja, unajua mbele kuna trafiki au ajali. Tulipofika Ruaha Mbuyuni tulisimama kula, na madereva waliokwisha kuteremka Kitonga waliwaeleza wanaopanda hali ilivyo kule juu, kona ipi ina lori lililokufa na upande upi kuna mafuta yaliyomwagika. Nilipoanza kazi Marekani na kusikia chaneli ya 19 kwa mara ya kwanza niliitambua palepale. Ilikuwa meza ile ile ya Ruaha Mbuyuni, isipokuwa watu wake walikuwa wakiendelea na safari.

Kwa wasioifahamu, CB ni huduma ya redio ya wananchi inayotumia masafa ya karibu megahezi 27. Marekani iliipa masafa hayo mwaka 1958, na tangu Januari 1977 ina chaneli 40, kuanzia 26.965 hadi 27.405. Haihitaji mtu kuomba leseni binafsi. Nguvu inayoruhusiwa kwa AM ni wati 4 tu, na vikuza nguvu ni marufuku hata kama vinauzwa chini ya meza. Chaneli ya 9 imetengwa kwa dharura, nayo ya 19, yaani 27.185, ndiyo ya madereva. Kanuni ya shirikisho iliyoanza Januari 2012 inayomkataza dereva wa gari la biashara kushika simu mkononi haikuihesabu CB kuwa simu, ingawa kila jimbo lina sheria zake na dereva anapaswa kuzisoma mwenyewe kwa njia anayopita.

Sasa turudi kwenye bati. Wimbi la chaneli ya 19 lina urefu wa mita 11 hivi. Antena rahisi kuliko zote ni fimbo ya robo ya wimbi, yaani mita 2.75, na fimbo hiyo huwa ni nusu tu ya antena. Nusu yake ya pili ni bodi la gari iliposimikwa. Kwa kuwa katika majimbo mengi ya mashariki kimo cha lori na tela hakitakiwi kuzidi mita 4.11, hatuwezi kupandisha fimbo ndefu namna hiyo, na ndiyo maana antena za malori hufupishwa kwa koili ya waya iliyozungushwa chini, katikati au juu. Antena ikifupishwa hupoteza kitu fulani cha nguvu zake, hilo halina dawa. Lakini bodi lililo chini yake likiwa halishikani nayo kiumeme, hapo hupoteza karibu kila kitu, na wimbi ambalo lilitakiwa kwenda hewani hurudi kupitia kebo hadi ndani ya redio.

Kiasi cha wimbi hilo linalorudi ndicho kinachopimwa na kipimo cha SWR. Kikisoma 1.5, asilimia 4 ya nguvu inarudi, na hapo unaweza kulala usingizi. Kikisoma 2, ni asilimia 11. Kikifika 3, robo nzima ya nguvu inarudi, na transista ya mwisho ya redio huanza kupata joto ambalo haikuumbiwa. Redio yangu ya kwanza niliiua hivyo. Nilipewa lori lenye antena ya kiwandani, nikachomeka kebo yake bila kupima chochote, nikaongea usiku kucha na hakuna aliyenijibu. Asubuhi fundi wa redio katika kituo kimoja cha malori aliifungua, akaniambia kwamba kebo ya lori lile huenda ilikuwa imebanwa au kuoza ndani, na kwamba kila mara nilipobonyeza kitufe cha maiki nilikuwa nikiichoma redio yangu mwenyewe. Alinitoza dola 15 za kuiangalia, akaniuzia kipimo kilichotumika, na kuanzia siku hiyo sijawahi kubonyeza kitufe katika lori nisilolijua kabla ya kupima.

Malori mengi ya hapa hutoka kiwandani yakiwa na maandalizi ya CB. Juu ya kichwa cha dereva, nyuma ya kifuniko kidogo, utakuta vijiti viwili vya umeme, chekundu na cheusi, pamoja na ncha ya kebo inayokwenda kwenye antena ya kioo. Kwenye lori jipya kabisa la mtu mmoja maandalizi hayo yanatosha. Kwenye lori linalopita mikononi mwa madereva thelathini kwa mwezi, kebo hiyo imevutwa, imepindwa, imeingiwa na maji kwenye kiungio cha kioo, na antena yenyewe mara nyingi imevunjwa na mlango wa ghala au na tawi la mti. Kwa hiyo mimi huichukulia kama bahati: ninaipima kwanza, ikisoma chini ya 2 ninaitumia na kushukuru, ikizidi hapo ninaiacha bila kuipigania na kutoa vya kwangu.

Vya kwangu ni viwili, kwa sababu malori nayo ni ya aina mbili. Mfukoni mwa koti nina sumaku ndogo ya kubandikia karatasi kwenye friji. Nikipanda ngazi ya lori naigusisha kwenye paa. Ikishika, paa ni la chuma, nami natumia antena ya sumaku; ikianguka mkononi, paa ni la aluminiamu au fibaglasi, na kazi inahamia kwenye kioo. Kwa jumla kebini za Volvo na Mack ni za chuma, na za Kenworth, Peterbilt na Freightliner Cascadia ni za aluminiamu, lakini hata kwenye kebini ya chuma utakuta kipande cha juu cha kukata upepo ni cha plastiki, kwa hiyo sumaku ya friji ni shahidi wa kuaminika kuliko jina lililoandikwa mbele ya gari. Malori yetu hayana kitanda, na paa lake liko chini ya paa la tela, kiasi kwamba antena yangu ya sentimita 90 haikizidi kimo cha tela ninalovuta. Anayeendesha lori lenye kitanda na paa refu asiige hili bila kupima kwa futi ya kamba, maana madaraja hayaombi radhi.

Kubandika antena ya sumaku kunaonekana ni kazi ya mtoto, ila kuna mambo mawili ambayo watu huyapuuza. La kwanza ni kufuta. Sumaku hubeba chembe za chuma na mchanga, na ukiibandika ikiwa hivyo kisha upepo wa barabarani uitikise saa sita mfululizo, utarudisha lori likiwa na duara la mikwaruzo kwenye rangi na msimamizi wa magari atakuwa na haki ya kukuuliza. Mimi hufuta kitako cha sumaku, hufuta paa, ndipo nabandika, na wala siisogezi kwa kuiburuta. Naiinua na kuibandika upya. La pili ni njia ya kebo. Ninaiingiza kwenye kona ya juu ya mlango upande wa bawaba, pale ambapo mpira wa mlango ni mnene na haubani kwa nguvu, halafu kabla haijaingia naiachia ining'inie kidogo kwa nje kama tumbo la kamba, ili maji ya mvua yashuke hadi pale chini na kudondoka badala ya kufuata kebo hadi kwenye kiti. Kebo nyembamba ya aina ya RG-58 yenye unene wa milimita 5 inatosha kabisa kwa wati 4. Nene zaidi ya hiyo mlango utaibana, na huenda kebo iliyobanwa ndiyo iliyoua redio yangu.

Kwenye lori la aluminiamu mambo ni magumu zaidi, na hapa ndipo nilipopoteza miezi mingi. Unafunga kibanio kwenye mkono wa kioo, unakaza nati mbili kwa spana, unasimika antena, kila kitu kinaonekana imara, lakini kipimo kinasoma 2.8. Sababu ni kwamba mkono wa kioo umeshikizwa kwenye mlango, mlango umeshikizwa kwa bawaba zenye grisi na vikombe vya plastiki, na siku hizi hata mkono wenyewe mara nyingi umevishwa plastiki. Kwa macho unaona chuma kimeshikana na chuma, ila kwa umeme antena inaning'inia hewani. Mzee mmoja wa yadi yetu, Mmarekani mwenye miaka zaidi ya thelathini barabarani, alikuja akasimama chini ya ngazi nikiwa juu napambana na kipimo. Akaniambia, «Kijana, huna tatizo la antena. Huna ardhi.» Alimaanisha kwamba antena haijashikana kiumeme na bodi la gari. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na utepe wa shaba uliosukwa, urefu wa kama nusu mita, wenye kibanio cha meno kila upande. Upande mmoja tukaubana kwenye kibanio cha antena, upande wa pili kwenye skrubu tupu ya mshikio wa kupandia, ule ulio kwenye bodi la kebini na siyo kwenye mlango. Kipimo kikashuka hadi 1.7 palepale, bila kugusa antena. Utepe ule ninao mpaka leo, na nimemwambia mzee huyo zaidi ya mara moja kwamba ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote mkobani mwangu.

Zipo antena zilizotengenezwa kwa ajili ya boti na magari ya fibaglasi ambazo hazitegemei bodi kabisa, na huuzwa pamoja na kebo yake maalumu ambayo haitakiwi kukatwa wala kubadilishwa. Niliitumia moja kwa msimu mmoja. Inafanya kazi, lakini kebo yake ni ndefu na ngumu, na kwa mtu anayefunga na kufungua kila usiku ikawa mzigo. Dereva anayepewa malori ya plastiki tupu siku zote angeifikiria.

Kupima nako kuna adabu yake. Lori lisimame mahali pa wazi, mbali na ukuta wa ghala na mbali na tela jingine lililo sambamba, milango ifungwe, na mtu asisimame karibu na antena, kwa sababu vyote hivyo hubadilisha kipimo. Nasoma chaneli ya 1, ya 19 na ya 40. Chaneli ya 40 ikisoma juu kuliko ya 1, antena ni ndefu mno na ncha yake inashushwa kidogo. Ya 1 ikisoma juu kuliko ya 40, antena ni fupi na ncha inapandishwa. Zote tatu zikiwa juu kwa pamoja, usihangaike na ncha. Hapo tatizo ni bati, utepe au kebo. Mimi siirekebishi ncha kila usiku. Nimeiweka katika urefu unaokubalika kwenye malori mengi, na kinachobadilika ni mahali pa kuisimika tu. Kutoka kushuka ngazi hadi kusikia sauti ya kwanza inanichukua dakika 6, ndani ya ule muda wa kukagua lori kabla ya safari, na sijawahi kuchelewesha mzigo kwa sababu ya redio.

Daftari ndilo limenisaidia kufika kwenye dakika hizo 6. Kila lori lina namba yake mlangoni, nami naandika mstari mmoja kwa kila moja: paa linashika sumaku au halishiki, kebo ya kiwandani ni nzima au mbovu, soketi ipi ina umeme na ipi haina, kipimo kilisoma ngapi na antena ilikuwa upande gani. Sasa nina malori 31 humo. Nikipewa funguo ofisini naangalia namba, nafungua ukurasa, na ninapofika kwenye lori najua tayari kwamba soketi ya kulia imekufa na kwamba skrubu ya mshikio wa dereva ina kutu hivyo nitumie ile ya upande wa abiria.

Kuhusu umeme sitasema mengi. Redio ya wati 4 haili hata ampea 3, kwa hiyo soketi ya kiberiti ya dashibodi inatosha, mradi plagi iwe na fyuzi yake ndani. Udhaifu wa soketi ni mikwaruzo: mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini, unaotoka kwenye alteneta au kwenye chaja ya bei rahisi ya simu iliyochomekwa jirani. Chomoa kwanza chaja. Mara nyingi kelele huisha. Ikiendelea, kipete cha feraiti kikivishwa kwenye waya wa umeme karibu na redio hupunguza. Nina pia mkia wa pili wa waya wenye vichwa vya duara kwa ajili ya vile vijiti viwili vya juu, kwa yale malori ambayo soketi zake zote zimechoka. Na kwa ndugu wanaotuma vifaa nyumbani, tafadhali: malori ya Marekani hutumia volti 12, lakini Scania, Mercedes na Volvo FH zinazopita barabara za Tanzania na Kenya ni za volti 24. Redio hii ukiichomeka huko bila kipunguza volti itaungua papo hapo. Zaidi ya hayo, huko hakuna CB ya madereva kama hii, na masafa ya redio yanasimamiwa na mamlaka za mawasiliano, TCRA kwa upande wa Tanzania, kwa hiyo kifaa kilicho halali Ohio hakiwi halali Mbeya kwa sababu tu kimefika salama.

Ndani ya kebini redio haiwekwi ovyo kitini. Breki ya ghafla huigeuza kuwa jiwe. Nimechonga kibao cha sentimita 30 kwa 20, nimefunga redio juu yake kwa chuma chake cha U, chini nimegundisha mpira usioteleza, na kibao chote nakifunga kwa mkanda wa kiti cha abiria. Kwenye ukingo wa kibao kuna spika ndogo ya nje iliyonielekea, kwa kuwa spika ya redio yenyewe iko chini na sauti yake huishia kwenye godoro la kiti. Waya wa maiki unapita nyuma ya gia, si mbele ya usukani.

Na redio yenyewe? Iliyo ndogo na nyepesi. Cobra 29 ni redio ya heshima na madereva wengi wa hapa wameipenda kwa miongo mingi, lakini ni pana mno kwa kibao changu. Natumia Uniden ndogo ya kawaida isiyo na mapambo, na kazi yake ni safi. Cobra 75 nayo inafaa sana hali yetu, kwa kuwa vitufe vyote viko kwenye maiki na sanduku lake linaweza kukaa popote. Midland 75-822 ni ya mkononi, ina adapta inayoigeuza kuwa redio ya gari yenye tundu la antena ya nje, na mwenzangu mmoja kutoka Bukavu anaitumia hivyo kwa mafanikio. Ila asitokee mtu akafikiri kwamba redio ya mkononi na kile kiantena chake cha mpira, ndani ya kebini iliyofungwa, itamsaidia barabarani. Tulijaribu mimi naye kwenye tambarare ya magharibi mwa Columbus: kwa antena ya mpira nilimpoteza kabla ya kilomita 2, alipounganisha antena ya nje juu ya paa, nilimsikia vizuri akiwa zaidi ya kilomita 8. Redio ilikuwa ile ile.

Kubandua kuna hatua zake pia. Asubuhi Carlisle nazima redio, nachomoa umeme kwanza kisha kebo, nabandua antena kwa kuinamisha kitako na wala si kwa kuvuta fimbo, nafuta sumaku na kuivisha kifuniko chake cha mpira, nazungusha kebo kwa miduara mikubwa isije ikakunjika, halafu naandika mstari wangu kwenye daftari. Mwaka wa kwanza nilichoka sana asubuhi moja, nikarudisha ufunguo ofisini na kwenda hotelini huku antena ikiwa bado imesimama juu ya paa. Lori hilo lilitoka mchana huo na dereva mwingine, na nililiona tena baada ya siku tisa. Antena ilikuwepo, lakini kebo ilikuwa imekatwa na mlango. Tangu hapo ufunguo wa chumba cha hoteli, na nikiwa Columbus ufunguo wa gari langu la kurudia nyumbani, nauweka chini kabisa ya ule mfuko mrefu wa mkoba ambao antena hulala. Nikifika mlangoni lazima nitie mkono humo, na mkono usipogusa fimbo ya antena, narudi yadi.